Kutoka ukutani mpaka mnadani: Basquiat, mwandika kuta ambaye picha yake iliuzwa dola milioni 110

Leo naleta ndefu kidogo. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, shuka chini kwenye orodha ya miaka, halafu kesho urudi umalizie.

Ishu yenyewe imeanza na fulana. Niliikuta Karume kwenye rundo la mtumba, nyeusi, kifuani ina taji la ncha tatu lililochorwa kama vile mtoto wa chekechea ndo kalichora, na pembeni maneno yamekatwa kwa mstari. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, huyu ni nani?" Akanijibu, "Dogo, mimi nauza, sisomi. Elfu tatu, unachukua huchukui?" Nikachukua.

Toka siku hiyo nimeona taji lile kwa watu kibao, kwenye kofia, mabegi, hata kava za simu. Nikiwauliza, wengi wanasema ni kampuni ya nguo. Hapana wadau. Taji lile ni la mtu, alikuwa kijana kama sisi, aliacha shule, akalala kwenye sofa za washkaji, akaandika kuta za New York usiku. Anaitwa Jean-Michel Basquiat. Nimemsoma mwezi mzima, na haya ndo niliyoyapata.

NEW YORK YA WAKATI HUO

Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa Philadelphia na New York walianza kuandika majina yao ya bandia kila mahali. Aliyevuma sana New York ni kijana wa asili ya Ugiriki aliyekuwa anafanya kazi ya kupeleka vifurushi, akijiita TAKI 183. Hiyo 183 ni namba ya mtaa wake. Julai 1971 gazeti la New York Times likamwandika, na baada ya hapo kila dogo mwenye makapeni akataka jina lake lisomwe. Makapeni yakageuka makopo ya rangi ya kupuliza, na kuta zikageuka mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Ndani ya miaka michache kulikuwa na madogo wanaochora behewa zima, juu mpaka chini. Mamlaka ya treni ilipigana nao karibu miaka 20, mpaka Mei 1989 ndo ikatangaza kwamba treni zote zimesafishwa.

Hawa wengi walikuwa wanaandika majina. Basquiat alikuja na kitu tofauti: aliandika sentensi.

ALIKOTOKA

Alizaliwa Brooklyn tarehe 22 Desemba 1960. Baba yake, Gérard, alitoka Haiti. Mama yake, Matilde, alizaliwa Brooklyn na wazazi wa Puerto Rico. Kwa hiyo mchizi alikua na Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hapa nisahihishe kitu kimoja: magazeti yalipenda kumwita mtoto wa geto, lakini baba yake alikuwa mhasibu na familia iliishi kwenye nyumba yao wenyewe. Hadithi ya geto iliuza vizuri zaidi, ndo maana ikaandikwa sana.

Mama ndiye aliyemtia kwenye sanaa. Alikuwa anampeleka makumbusho, na dogo akiwa na miaka 6 tayari alikuwa mwanachama mtoto wa Makumbusho ya Brooklyn. Mwaka 1968, akiwa na miaka 7, aligongwa na gari akicheza barabarani. Alivunjika mkono na bandama ikatolewa. Akiwa amelazwa, mama alimletea kitabu cha madaktari kinachoitwa Gray's Anatomy, kimejaa picha za mifupa na viungo vya mwili. Ukiangalia picha zake za baadaye, yale mafuvu, mbavu na meno yametoka kwenye kile kitabu cha hospitali.

Wazazi walitengana, mama akaugua akili, dogo akabaki na baba na wadogo zake wawili wa kike. Na baba alikuwa mkali. Akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani akawa analala kwenye bustani ya Washington Square. Akarudishwa. Baadaye akapelekwa City-As-School, shule ya Manhattan ya wanafunzi walioshindwana na shule za kawaida. Hapo ndo alipokutana na Al Diaz.

SAMO

Diaz alikuwa tayari anajua mambo ya kuta, alishaandika huko nyuma kwa jina la BOMB-1. Wawili hawa walikuwa na utani wao wa shule, neno SAMO, ufupisho wa msemo wa Kiingereza wenye tusi ndani, maana yake ni kama "upuuzi uleule wa siku zote". Kuanzia 1977 na 1978 wakaanza kuliandika ukutani, na mwishoni wakaweka alama ya hakimiliki, ile © unayoiona kwenye vitabu. Yaani wanavunja sheria kwa kuandika ukuta wa mtu, halafu wanajiwekea alama ya sheria. Utani mkali huo.

Sasa zingatia hili. Wenzao walikuwa wanahangaika na treni. SAMO haikuwa kwenye treni sana. Ilikuwa SoHo na maeneo ya chini ya Manhattan, kwenye kuta za jirani na galari, yaani zile nyumba zinazoonyesha na kuuza picha, na karibu na chuo cha sanaa. Na yalikuwa maneno ya kukejeli hao hao: wasomi wa sanaa, dini za kununua, watu wanaojifanya wa maana. Wenye galari wakiwa wanaenda kazini asubuhi wanayakuta. Wakaanza kuulizana, huyu SAMO ni nani?

Desemba 1978 gazeti la Village Voice likawafichua, na wao wakalipwa dola 100 kwa kutoa hadithi yao. Hapo ndo mgogoro ukaanza. Diaz alitaka jina libaki siri, maana siri ndo ilikuwa utamu wenyewe. Basquiat alitaka ajulikane. Mwaka 1979 wakaachana, na Basquiat akazunguka mjini akiandika kutani kwamba SAMO amekufa.

Nimelifikiria sana hili. Mtu ana jina ambalo mji mzima unalisoma, halafu analiua mwenyewe. Lakini ukuta haununuliki, wadau. Ukuta una mwenye nyumba, kesho unapakwa chokaa. Basquiat aliona kwamba jina limeshafanya kazi yake, sasa anahitaji kitu ambacho mtu anaweza kukibeba kwenda nacho nyumbani.

POSTIKADI, FULANA NA MLANGO KUFUNGUKA

Shule alishaiacha 1978, mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Alikuwa hana kwake, analala kwa marafiki, na akawa anauza barabarani postikadi na fulana alizochora mwenyewe. Siku moja alimwona Andy Warhol, msanii tajiri wa mji ule, anakula mgahawani. Akaingia, akamuuzia postikadi. Akapiga pia muziki kwenye bendi iliyoitwa Gray, jina la kile kitabu cha hospitali. Mkono haukutulia: alichora kwenye milango, mafriji, mbao za madirisha, chochote kilichokuwa karibu.

Halafu mambo yakaenda kasi kinoma:

Juni 1980 alionyesha kazi kwenye maonyesho ya Times Square Show, yaliyofanywa na wasanii wenyewe ndani ya jengo bovu. Februari 1981 akawemo kwenye maonyesho ya New York/New Wave, na wanunuzi kutoka Ulaya wakaziona picha zake. Mei 1981 akafanya onyesho lake la kwanza la peke yake, Modena, Italia, akitumia bado jina la SAMO. Desemba mwaka huo huo mhakiki Rene Ricard akamwandikia makala ndefu kwenye jarida la Artforum. Mwaka 1982, akiwa na miaka 21, kazi zake zikaonyeshwa Documenta, yale maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani, pamoja na wakongwe wa dunia.

Kumbuka 1981 hiyo hiyo mwimbaji Debbie Harry wa bendi ya Blondie alinunua picha yake moja kwa dola 200, na hiyo ni moja ya picha za kwanza kabisa alizouza. Mwaka 1985 New York Times iliandika kwamba picha zake zinaenda kati ya dola 10,000 na 25,000, na ikamweka kwenye jalada la jarida lake amevaa suti, miguu peku. Miaka minne tu, jamani.

Picha zenyewe zilikuwa na nini? Maneno, kama kutani. Aliandika neno halafu akalikata, na alieleza kwamba anakata ili ulitazame zaidi. Alichora watu weusi wenye vichwa vyao: mabondia kama Muhammad Ali na Sugar Ray Robinson, wapiga jazi kama Charlie Parker na Dizzy Gillespie, na kuwavika taji. Aliandika majina ya bidhaa, sukari, tumbaku, pamba, chumvi, vile vitu ambavyo watu wetu waliuzwa ili wakavilime na kuvibeba. Na © yake hakuiacha.

Lakini heshima haikuja pamoja na mkwanja. Mwenye galari wa kwanza wa New York, Annina Nosei, alimpa chumba cha chini ya galari yake awe anachora humo. Wateja walikuwa wanashushwa kumwona akifanya kazi. Watu wakasambaza maneno kwamba kijana mweusi amefungiwa chini anatoa picha. Alipoulizwa kwenye mahojiano alijibu kwa uchungu kwamba angekuwa mzungu wangesema ni msanii aliyealikwa kukaa hapo, basi.

KIJANA MWINGINE, UKUTA MWINGINE

Hapa naomba usome taratibu.

Tarehe 15 Septemba 1983, usiku wa manane, kijana mweusi wa miaka 25 anaitwa Michael Stewart alikuwa kituo cha treni cha First Avenue, Manhattan. Polisi wa treni walisema walimkuta anaandika ukutani. Wakamkamata. Kabla kucha alifikishwa hospitali akiwa amefungwa, hapumui. Alikaa kwenye koma siku 13, akafa tarehe 28. Polisi 6 walishtakiwa, na Novemba 1985 baraza la wazee wa mahakama likawaachia wote.

Wakati ule Basquiat alikuwa na miaka 22, picha zake zinagombewa, na kosa la Stewart ndilo lililomtoa yeye. Waliomjua wanasema aliingiwa na hofu, akawa anarudia kwamba angeweza kuwa yeye. Akaenda studio ya rafiki yake Keith Haring, naye mchoraji aliyetokea kwenye vituo vya treni, akachora ukutani polisi wawili wameinua virungu, katikati kivuli cheusi hakina uso. Hakuichora auze. Haring aliukata ule ukuta akautia fremu, na alipofariki 1990 ulikuwa umetundikwa juu ya kitanda chake. Mwaka 2019 makumbusho ya Guggenheim yaliujengea onyesho zima.

Tunaposifia mtu aliyepanda kutoka mtaani tumkumbuke na aliyebaki chini. Mji mmoja, miaka ileile, mwingine galari zinampigia simu, mwingine mochwari.

MWISHO WAKE

Kuanzia 1983 alipanga nyumba ya Warhol, namba 57 Great Jones Street, na wawili hao wakawa wanachora pamoja kwenye kanvasi moja. Septemba 1985 wakazionyesha. Wahakiki wakawaponda, na New York Times ikamwonyesha Basquiat kama mtu anayetumiwa. Ilimuuma sana, urafiki ukapoa. Februari 1987 Warhol akafa, na Basquiat akazama zaidi kwenye heroini, ambayo alishaanza kuitumia miaka ya nyuma.

Afrika aliifikia. Oktoba 1986 kazi zake zilionyeshwa Abidjan, Ivory Coast, na yeye akasafiri kwenda huko. Januari 1988, Paris, akakutana na mchoraji wa Ivory Coast, Ouattara Watts, wakawa marafiki, wakapanga safari ya kwenda pamoja Agosti. Safari haikufika. Tarehe 12 Agosti 1988 Basquiat alikutwa amefariki nyumbani kwake kwa kuzidisha unga. Miaka 27. Hakuacha wosia.

NANI KALA HELA?

Sasa tuje kwenye ile dola milioni 110.

Mwaka 1982 alichora fuvu jeusi kwenye rangi ya bluu. Mwaka 1984 liliuzwa mnadani kwa kama dola 20,000. Mei 2017 familia iliyokuwa imelinunua ikalipeleka Sotheby's, New York, na tajiri wa Kijapani Yusaku Maezawa akalichukua kwa dola milioni 110.5. Piga hesabu: bei imepanda zaidi ya mara 5,000. Siku ile ilikuwa bei ya juu kuliko kazi yoyote ya msanii wa Marekani kuuzwa mnadani, mpaka 2022 picha ya Warhol ilipoipita.

Basquiat alipata ngapi kwenye hizo? Sifuri. Ndugu zake je? Sifuri. Marekani haina sheria ya nchi nzima inayompa msanii au warithi wake asilimia picha ikiuzwa tena. Ufaransa sheria hiyo ipo tangu 1920. Ukiuza picha Marekani umeuza, anayekula faida ni aliyeiweka ukutani kwake na kusubiri.

Familia inakula wapi basi? Kwenye ile ©. Ukimuuzia mtu picha hujamuuzia haki ya kuichapa kwenye fulana, hiyo inabaki kwako mpaka uitoe kwa maandishi, na ukifa inaenda kwa warithi. Baba yake alisimamia urithi mpaka alipofariki 2013, sasa wanasimamia dada zake wawili, Lisane na Jeanine. Kampuni kama Uniqlo ya Japan zimelipia kibali kuchapa michoro yake. Kwa hiyo ile alama waliyoiweka kutani kwa utani ndiyo inayolisha familia leo.

Na wezi hawakukosekana. Juni 2022 FBI walivamia makumbusho ya Orlando wakabeba picha 25 zilizosemekana ni zake za 1982. Moja ilikuwa imechorwa kwenye boksi la kampuni ya vifurushi lenye aina ya herufi ambayo kampuni hiyo ilianza kuitumia 1994, wakati mchizi ana miaka 6 kaburini! Mwaka 2023 dalali mmoja wa Los Angeles alikiri kwamba picha nyingi kati ya hizo ni feki, yeye na mwenzake ndo waliotengeneza.

Al Diaz je? Mwaka 2016 alianza tena kuandika SAMO mitaani New York. Jina walilitunga wawili.

MTAANI KWETU

Kwa nini nimeandika yote haya? Kuna bro mmoja mtaani kwetu anachora mabango ya vinyozi na mama lishe. Mkono anao kweli, vichwa vyake vina uhai mpaka unataka kuvisalimia. Mwaka juzi alichorea duka moja picha ya msichana ameshika simu, akalipwa elfu 15. Baada ya miezi nikaiona picha ileile imechapwa kwenye mabango ya plastiki ya maduka matatu ya mwenye duka yule. Nikamwambia bro. Akanyamaza, halafu akasema, "Si nilishalipwa mdogo wangu?"

Ndo hapo nilipoona umuhimu wa fulana ya Karume. Nimemweleza kuhusu Basquiat, na kwamba hata hapa Tanzania ipo sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA ndo wanaosajili kazi. Hela za nyuma hajaenda kuzidai, anaogopa kupoteza mteja, na simlaumu. Ila sasa hivi kila kazi anaipiga picha kabla haijaondoka, anaandika jina chini kulia, na kwenye risiti anaandika "bango moja tu". Kaanza.

KWA MIAKA

1960: anazaliwa Brooklyn
1968: ajali ya gari, anapewa kitabu cha Gray's Anatomy
1977 na 1978: SAMO inaanza na Al Diaz, anaacha shule
1979: anaiua SAMO, anauza postikadi
1981: onyesho la kwanza la peke yake, Modena, picha moja dola 200
1982: Documenta, akiwa na miaka 21
1983: kifo cha Michael Stewart
1985: jalada la jarida la New York Times, onyesho na Warhol lapondwa
1986: Abidjan
1988: anafariki, miaka 27
1996: filamu ya maisha yake, Basquiat, imeongozwa na mchoraji Julian Schnabel
2017: fuvu la 1982 lauzwa dola milioni 110.5

Haya wadau, uwanja wenu. Kama unachora, au unamjua anayechora akaibiwa kazi, tiririka hapo chini tusaidiane. Na ukiliona taji la ncha tatu kwenye rundo la mtumba, sasa unamjua mwenyewe.